Maji ya Wageni

Kitu cha kwanza alichouliza yule dada wa kampuni, hata kabla hajavua viatu kupanda ngazi, kilikuwa kama mtoto ana suruali ndefu.

"Anayo moja," Phally, mama wa mtoto, akamjibu. "Nzito, ya baridi."

"Basi siku ya wageni avae hiyo. Au…" Dada Socheata akaitupia jicho tena miguu ya Kena, akageuza uso haraka kama mtu aliyefunua sufuria akakuta funza. "Au bora asiwepo kabisa. Hana pa kwenda kucheza?"

Kena, mwenye miaka sita, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini akijikuna kwa gunzi la hindi, kwa sababu kujikuna kwa kucha alikwisha kukatazwa. Kutoka magotini kwenda chini ngozi yake ilikuwa imefanya magamba, na chini ya magamba kulikuwa na unyevu wa manjano. Nzi walikuwa wameuzoea. Mtoto naye alikuwa amewazoea nzi, hakujisumbua kuwafukuza.

"Atakwenda kwa Thavy, jirani," Phally akasema.

"Vizuri sana, mama. Ahsante kwa ushirikiano."

Nyumba ya Phally na mumewe Sarom, iliyoinuliwa juu ya nguzo, ndiyo iliyokuwa karibu kuliko zote na mfereji wa kiwanda cha bia, na ndiyo maana ilichaguliwa. Siku kiwandani wanapoosha mapipa ya kuchachushia, mfereji ulikuja wa kahawia, umebeba povu zito lenye machicha ya shayiri yaliyovimba. Siku wanapoosha chupa, ulikuja mweupe kama maji ya kuoshea mchele, na aliyeinama karibu yake alitokwa na machozi. Harufu ilikuwa ile ile siku zote: hamira iliyooza, kama mkate uliotapikwa. Iliingia kwenye wali, kwenye nywele, kwenye vyandarua. Samaki wa mwisho waliotoka mfereji ule walielea matumbo juu, na bata waliowala wakafa nao.

Kisima cha kijiji kilikuwa kimekauka tangu kiwanda kichimbe vyake, virefu. Mvua zilichelewa. Maji kidogo yaliyobaki kwenye mitungi mikubwa chini ya nyumba yalikuwa ya kunywa na kupikia tu. Kuoga na kufua, ulishuka mferejini.

Dada Socheata aliyaeleza mambo kwa haraka, barakoa ikiwa kidevuni. Wageni wangetoka Phnom Penh, wengine nchi za nje, kuja kuona jinsi kampuni inavyotunza mazingira na majirani zake. Kulikuwa na tuzo. Uani hapa litawekwa tangi la buluu lenye chujio na bomba, lichote mferejini na kutoa maji safi. Phally atasema maneno machache, yameshatayarishwa. Bibi Nhim, mama mkwe wake, atanawa uso bombani, kwa sababu mpiga picha anapenda nyuso za wazee.

"Na tukishapigwa picha," Bibi Nhim akauliza, mashavu yake yamejaa tambuu, "tangi linabaki?"

"Bibi, huu ni mradi wa majaribio."

"Jina lake sikuuliza. Nauliza linabaki?"

"Tutaangalia."

Bibi Nhim akatema mate mekundu kupitia ufa wa sakafu, karibu kidogo na viatu vya dada wa kampuni vilivyoachwa chini.

*

Sarom aliporudi zamu alizipokea habari kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Alikuwa kibarua kwenye mashine ya kuosha chupa. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa dawa mpaka viganja havikuwa na mistari tena. Mganga wa sokoni alikataa kumtabiria, akasema hakuna cha kusoma.

"Msimamizi mwenyewe kaniita jina," alisema. "Hajawahi kuniita jina. Kaniambia, Sarom, nyumba yako ndiyo sura ya kampuni."

"Sura ya kampuni imejaa usaha miguuni," Phally akajibu. Alikuwa akipepea moto.

"Usianze. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, unajua. Sema tu maneno yao. Hebu nisikie umefika wapi."

Phally akanyoosha mgongo, akakutanisha viganja kifuani kama mtoto wa shule. "Zamani tulikuwa hatuna maji safi. Leo tuna furaha. Kampuni ni mzazi wetu."

"Ona! Umeshayajua. Taabu iko wapi?"

"Mzazi gani anakunya kwenye mtungi wa mwanawe?"

"Phally!"

"Nimeuliza tu. Hilo halimo kwenye maneno yao, usiogope."

Sarom akamgeukia mama yake kutafuta msaada. Bibi Nhim alizoea kumtetea mwanawe hata akiwa amelewa, hata akiwa amekosa wazi. Safari hii alikuwa akimpaka Kena manjano ya kusaga miguuni kwa unyoya wa kuku, na mtoto alikuwa akiuma krama ya bibi yake, kile kitambaa cha mirabamiraba, asipige kelele.

"Shika huyu mguu," mama yake akamwambia. "Anarusha mateke."

Sarom akaushika. Akaangalia juu, kwenye makuti, mpaka ikaisha.

*

Asubuhi ya wageni, lori la maji lilifika mapema. Vijana wawili wa kampuni wakaingiza mpira kwenye tangi la buluu, wakalijaza mpaka juu kwa maji ya mjini. Bomba lile jingine, lililoshuka mpaka mferejini, lilikuwa limezibwa kwa kitambaa.

"Chujio si linachuja mfereji?" Bibi Nhim akauliza.

"Chujio lenyewe halijafika, bibi," kijana mmoja akasema, akacheka kwa aibu. "Hilo ni ganda lake."

Kijiji kizima kiligawiwa fulana nyeupe zenye jani la kijani kifuani, na chini ya turubai paliwekwa makopo ya bia yenye barafu, bure, tangu asubuhi. Mwenyekiti wa kijiji, Oeun, alikuwa amekwisha kuwa mwekundu kwa bia kabla magari hayajafika. "Kunyweni kistaarabu!" akawahubiria watu kwa kipaza sauti, akisoma maandishi ya turubai, halafu akacheua ndani ya kipaza sauti hicho hicho, na watu wakaangua kicheko.

Mferejini, maji yalikuwa safi siku hiyo, au tuseme yalikuwa hayapo. Kiwanda kilifunga mkondo tangu jana. Kilichobaki kilikuwa tope jeusi linalotoa mapovu, na juu yake walikuwa wametupia matawi mabichi na maua. Harufu haikujali maua.

Wageni wakaja wakiwa na kofia. Mmoja alikuwa mama wa kizungu mwenye nywele nyeupe na uso mpole, ndiye mkubwa wa waamuzi, kila mtu alimfungulia njia. Nyuma yake alitembea mkalimani, kijana mwembamba wa mjini aitwaye Vireak, akijifuta jasho.

Bibi Nhim aliitwa anawe uso. Akanawa. Mpiga picha akasema mwanga haukuwa mzuri, anawe tena. Akanawa. Mara ya tatu wakamwomba atabasamu huku maji yakimtiririka puani. Aliwatabasamia kwa meno yake mekundu, amefumba macho, na watu wakampigia makofi kama nyani wa sarakasi. Mwanawe Sarom, ndani ya fulana yake mpya, alipiga makofi kuliko wote.

Halafu akapandishwa Phally jukwaani.

"Zamani," akaanza, "tulikuwa hatuna maji safi." Vireak akatafsiri. Yule mama wa kizungu akatikisa kichwa kwa huruma. "Leo…"

Hapo ndipo alipomwona Kena. Mtoto alikuwa ametoroka kwa Thavy, amesimama nyuma ya ua kwenye jua kali, ndani ya suruali nzito ya baridi iliyokwisha kulowa magotini. Alikuwa akijisugua kwenye mwanzi wa ua, juu na chini, kama ndama mwenye kupe. Thavy alikuwa nyuma yake, akimvuta mkono, mtoto hataki.

"Leo hatuna pia," Phally akasema.

Kelele za makopo zikakatika.

"Maji mliyoyaona yameletwa na lori asubuhi hii. Hili tangi ni ganda tupu. Sisi tunaoga hayo yaliyofunikwa maua hapo, yafunueni mnuse. Mwanangu anaoza miguu na ameambiwa ajifiche. Kampuni si mzazi wetu. Kampuni inatunyea." Sauti ilimpasuka. "Nimemaliza."

Mwenyekiti Oeun alikuwa na kopo mdomoni na hakumeza. Watu wote wakamgeukia Vireak.

Vireak akamtazama Dada Socheata. Kisha akasema maneno kwa kizungu, mengi, laini, yamepangwa vizuri, na alipomaliza, mama wa kizungu alikuwa na machozi. Akaweka mkono kifuani. Akaanza kupiga makofi, na wageni wote wakamfuata.

Wanakijiji walitazamana. Halafu mmoja, aliyekwisha kunywa sana, akacheka. Na wengine nao, kwa kutojua la kufanya, wakapiga makofi.

*

Phally alimkuta Vireak nyuma ya magari, anavuta sigara.

"Umewaambia nini?"

"Dada…"

"Mimi si dada yako. Umewaambia nini?"

"Kwamba unashukuru. Kwamba zamani mtoto wako alikuwa mgonjwa wa miguu, na sasa…" Akaangalia chini. "Sasa amepona."

Phally akamsogelea mpaka moshi wa sigara ukampiga usoni.

"Mtoto wangu umemweka wewe kinywani mwako," alisema taratibu, "ukamponya."

"Mimi nami nina mama, dada. Nina wadogo zangu. Wakinifukuza leo, kesho wanakuja na mwingine, naye atasema haya haya. Chukua." Akamnyooshea chupa ya maji iliyofungwa bado, yenye jasho la barafu. "Chukua, jua kali."

Akaiangalia ile chupa. Aliitaka. Ndilo jambo alilokuja kujichukia kwalo baadaye, kwamba aliitaka. Akaipokea, akaenda mpaka uani, akampa Kena anywe, akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja mpaka kwa mama wa kizungu aliyekuwa akijiandaa kupanda gari. Akapiga goti, akamkunja mtoto suruali.

Kitambaa kilikuwa kimegandia. Kilipobanduka, kilibanduka na ngozi, na Kena akapiga yowe ambalo halikuhitaji mkalimani.

Mama wa kizungu akainama. Lazima tumpe haki yake, aliinama. Akamshika mtoto kifundo cha mguu kwa vidole viwili, na uso wake ukawa mweupe kweli. Akauliza kitu. Akauliza tena, kwa ukali kidogo, akimtazama Vireak. Lakini aliyejibu ni Dada Socheata, upesi, kwa tabasamu la huzuni, akionyesha banda la nguruwe la jirani, akionyesha matope, akimwonyesha Phally mwenyewe, nywele zake, kanga yake, kucha zake.

Mgeni akasikiliza. Rangi ikamrudia usoni, polepole, kama mtu aliyepewa ruhusa. Akachukua kichupa kidogo mkobani, akajimiminia dawa viganjani, akasugua kidole kimoja kimoja na katikati ya vidole. Kisha akampa Kena peremende, akapanda gari.

Kabla hata vumbi la magari halijatua, wale vijana wawili walikuwa wameshalegeza nati za tangi. Kijiji kingine kilikuwa kikilisubiri. Maji yaliyosalia waliyamwaga uani ili liwe jepesi, na wanawake wakaja mbio na ndoo, wakisukumana, wakikinga, wengine wakichota hata yaliyokwisha kufika ardhini.

*

Siku mbili Sarom hakuongea na mkewe. Siku ya tatu aliitwa ofisini, akarudi na uso wa mtu aliyesamehewa, na hakusema alichosamehewa.

Aliyeleta habari ni Thavy. Alikuja na simu yake ameificha ndani ya krama. "Mama Kena, sitaki usikie kwa watu," alisema. "Imeshazunguka kijiji kizima."

Kwenye simu alikuwepo Sarom, amesimama mbele ya ukuta mweupe, fulana ya jani la kijani. Kuna mtu alikuwa akimwuliza kwa upole, haonekani.

"Mke wangu ni mzito wa usafi," Sarom wa kwenye simu alisema. "Mtoto anashinda na nguruwe. Nimemkanya mara nyingi."

"Na maji ya mfereji, Kaka Sarom?"

"Hayana neno. Sisi tunayaoga. Tunapikia. Mimi mwenyewe wali wangu unapikwa kwa maji yale, na mnaniona, mzima." Akacheka. Mtu asiyeonekana naye akacheka.

Phally akairudisha simu. Bibi Nhim, aliyekuwa akitazama juu ya bega lake, alishuka ngazi taratibu, mkono mmoja kiunoni.

Njiani kwenda kununua mkaa, Phally alipita mbele ya mwenyekiti Oeun na wenzake waliokaa wakinywa makopo ya bia yaliyobaki. "Mama Kena!" mwenyekiti akamwita. "Tukuletee sabuni?" Wanaume wale wote aliwajua. Wote walikuwa na watoto wanaojikuna. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

*

Mchana ule Sarom alikuja kabla ya kuingia zamu ya alasiri. Alikuwa amebeba kreti ya bia begani. Mkataba umeongezwa, alisema, mwaka mzima, si miezi mitatu mitatu kama zamani. Alisema akiangalia nguzo. "Jamani, nilifanya nini zaidi ya kusema? Maneno tu. Hata wewe ulisema yako, Phally, na nani aliyakumbuka? Haya yangu yatasahaulika pia, lakini tutakuwa tunakula."

"Kaa ule basi," mama yake akasema.

Bibi Nhim alikuwa amepika mwenyewe, jambo lisilo la kawaida. Wengine walikuwa wamekwisha kula. Akamwekea mwanawe sahani mkekani, wali umejazwa kilima, moshi unapanda, na samaki wa kuchachusha pembeni. Sarom akaishika sahani kwa njaa, akaileta karibu na uso. Akasimama hapo hapo.

Wali ulikuwa na rangi ya kijivu. Juu yake, kati ya punje, palikuwa na utando mwembamba uliong'aa kama mate ya konokono.

"Mama. Hii nini?"

"Wali wako. Ulisema wali wako unapikwa kwa maji yale. Nimezeeka, nilikuwa sijui, nimekuwa nikikupikia ya mtungini miaka yote. Nisamehe."

"Mama, acha utani."

"Kula, mwanangu. U mzima, umeonekana."

Sarom alimtazama mkewe. Phally alikuwa akikunja nguo, hakuinua kichwa. Alimtazama tena mama yake, na usoni mwake hakukuta hasira, ambayo angejua jinsi ya kuituliza. Akachukua kijiko. Labda alitaka kuonyesha kiburi, labda alitaka kweli kuadhibiwa, yeye mwenyewe hakujua. Akachota, akainua. Harufu ya hamira ikajaa chumba. Macho yakamtoka machozi, na bado kijiko kilikuwa kinapanda.

"Baba, usile!" Kena alikuwa amesimama, gunzi mkononi. "Baba, yanawasha. Yatakuwasha mpaka tumboni, na huko huwezi kujikuna."

Kijiko kikashuka.

Sarom alimtazama bintiye, kama anatafuta neno moja tu la kumwambia. Na Phally, kwa mara ya kwanza tangu siku ya wageni, aliacha kukunja nguo akasubiri. Neno lolote. Hata kilio kingetosha.

King'ora cha kiwanda kikalia.

Sarom akasimama. Akasukutua kwa maji ya mtungini, ingawa hakuwa ameonja, akatema dirishani, akavaa fulana yake. "Nikirudi tutaongea," akasema mlangoni. Walimsikia akishuka ngazi, kwanza polepole, kisha haraka, maana waliochelewa walikatwa mshahara.

Phally akarudi kwenye nguo zake. Zilikuwa chache, zikaenea ndani ya krama mbili. Kaka yake alikuwa analima mkoani Takeo, hakuwa na kitu, lakini alikuwa na kisima. Alipomaliza kufunga fundo, akakuta Bibi Nhim ameketi ngazini amevaa viatu, na furushi lake mapajani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Unakokwenda."

"Mama, yule ni mwanao."

"Ndiyo maana naondoka. Angekuwa wa mwingine ningekaa nimtukane."

Thavy aliwaitia tuktuk. Walipanda watatu, mtoto katikati, miguu yake wameiacha wazi ipate upepo. Njia ilipita ukuta wa kiwanda, ikapita lango, ikapita mashamba, na taratibu upepo ukaanza kuwa upepo tu, wenye harufu ya vumbi na nyasi. Kena akalala. Phally akavuta pumzi mpaka mwisho, akangoja kifua kimfunguke.

Dereva akageuka nyuma, amekunja pua.

"Samahani, mama. Kwenye mizigo yenu kuna kitu kimeoza?"

Phally akainua ncha ya krama, akainusa.

"Ni sisi," Bibi Nhim akamjibu. "Endesha tu."